Boksi la Chakula Lisilofunguliwa na Nyani

Siku nilipompigia mama simu kumwambia kwamba nimeanza masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mseto, alisema, "Pole sana, mwanangu. Umeanza kutapika?"

Nikamwambia siyo mseto huo. Miaka ile dawa ya mseto ya malaria ndiyo kwanza ilikuwa imeingia kwenye zahanati, na kule kwetu Rombo neno hilo halikuwa na maana nyingine, ukiacha mseto wa wali na choroko.

"Ni masomo, mama. Nusu tunasoma kwenye kompyuta, nusu mwalimu anakuja tunaonana naye ana kwa ana."

"Na hiyo nusu ya kompyuta, mwalimu anakuwa wapi?"

"Dar es Salaam."

"Na wewe uko Karatu."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kunywa maji mengi," akasema, akakata simu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye loji moja iliyo kando ya barabara ya kupanda getini Ngorongoro. Kazi yangu ilikuwa kuandaa lanchi boksi za wageni wanaoshuka kreta: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, kipande cha keki na juisi, vyote ndani ya boksi jeupe la karatasi ngumu. Nilikuwa nazipanga vizuri kama mtu anayepeleka posa. Wageni wakiondoka asubuhi na ukungu, mimi nabaki na masufuria, nikiwaza kwamba umri unakwenda na bado sijasoma nilichokitaka.

Nilichokitaka kilikuwa ubunifu. Tangu nikiwa mdogo nilipenda kutengeneza vitu, ingawa vingi havikufanya kazi. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna chuo kinafundisha usanifu na ubunifu bila mtu kuacha kazi wala kuhamia mjini, nilijiandikisha kabla sijaelewa vizuri ni kitu gani.

Ukweli ni kwamba kilikuwa hivi. Tulitumiwa mihadhara kwenye CD, ambayo niliisikilizia kwenye kompyuta ya ofisi ya loji meneja akienda kula. Mhadhiri wetu, kijana mwenye shahada ya uzamivu ambaye wote tulimwita Dokta, alikuwa anaongea humo kwa sauti nzuri ya mtangazaji. CD yangu ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo kila akifika sehemu muhimu alikwama: "Mtumiaji kwanza. Mtumiaji kwanza. Mtumiaji kwanza." Wapishi walidhani nimejiunga na dhehebu jipya.

Baada ya kusikiliza, unakwenda intaneti kafe mjini Karatu kujadiliana na wenzako kwenye jukwaa la chuo. Kafe yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye vumbi jekundu mpaka kwenye herufi za kibodi, na dishi juu ya bati. Upepo ukivuma dishi linageuka, mtandao unapotea, na mwenye kafe anapanda juu na kupiga kelele, "Umerudi?" Sisi wote ndani, wanafunzi, madereva wa watalii na wazungu wenye mabegi mgongoni, tunajibu kwa pamoja, "Bado!"

Kundi langu lilikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ololosokwan, Mmasai, ambaye alikuwa anaruhusiwa kutumia kompyuta ya kambi ya watalii siku ambazo hakuna wageni. Wa pili alikuwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, Mwiraqw mwenye karakana ndogo ya kuchomelea vyuma, ambaye alikuwa anakuja Karatu na malori ya vitunguu na kupitia kafe kabla lori halijageuza. Wa tatu mimi. Hakuna aliyemjua mwenzake kwa sura.

Nilimwogopa yule Mwalimu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeandika salamu ya heshima kabisa, nikijitambulisha. Jibu lake likaja baada ya siku kadhaa, lote kwa herufi kubwa: "NIMEKUSOMA DADA. NAMI NAITIKA. HABARI ZA HUKO."

Nikajiuliza nimemkosea nini. Nikaandika kwa upole zaidi: "Samahani kaka, kama nimekukwaza."

"HUJANIKWAZA HATA KIDOGO. KWA NINI UNASEMA HIVYO."

Basi kila nikifungua jukwaa moyo unanienda mbio, kama mtoto aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Yule wa Mang'ola yeye hakuwa na maneno. Umri wake ulikuwa umetuzidi, tukamwita Kaka Mkubwa. Uandike ukurasa mzima, uulize maswali, upendekeze mambo matatu yanayopingana, yeye anajibu: "Sawa." Mwanzoni nilimwona mtu mwerevu sana, asiyetaka makuu. Sikujua kwamba anachapa kwa kidole kimoja, na kabla hajamaliza neno la pili dereva wa lori anapiga honi.

Kazi kubwa ya muhula ikaja: kila kundi libuni kifaa cha kutatua tatizo halisi la mtu halisi. Tatizo mimi nilikuwa nalo tayari, tena lilikuwa limeniaibisha wiki hiyo hiyo. Mgeni mmoja, mama mtu mzima kutoka Ulaya, alirudi jioni kutoka kreta akiwa amevimba kwa hasira. Alikuwa amefungua mlango wa gari pale wanapoegesha magari getini ili apige picha, na nyani akaingia upande wa pili, akachukua lanchi boksi, akakaa juu ya gari na kula yai lake mbele yake, akilimenya taratibu. Mama yule alitaka nimweleze kwa nini nimemwandalia nyani. Nikamwomba radhi kwa niaba ya nyani.

Nikaandika jukwaani: tubuni lanchi boksi ambalo nyani hawezi kulifungua.

"WAZO ZURI SANA DADA," akajibu Mwalimu, na kwa herufi hizo nikalisoma kama tishio.

"Sawa," akajibu Kaka Mkubwa.

Tukagawana kazi. Mwalimu atatengeneza mwili wa boksi kwa ngozi ngumu ya ng'ombe, maana kwao ngozi si shida. Kaka Mkubwa atatengeneza kifuniko cha chuma chenye makomeo mawili, ambayo lazima yabonyezwe kwa pamoja, mkono huu na mkono huu. Mimi nitatengeneza vyumba vya ndani, yai lisigongane na juisi. Niliuliza juu ya vipimo. Nikachora mchoro, nikaupiga picha kwa kamera ya loji, nikajaribu kuupandisha jukwaani. Upepo ukavuma. Mchoro haukupanda. Nikaandika tu: "Ukubwa uwe wa boksi la kawaida."

"IMEELEWEKA."

"Sawa."

Dokta mwenyewe alitusifu jukwaani, akasema sisi ndio kundi lenye maelewano kuliko yote.

Ikafika wiki ya kuonana ana kwa ana. Chuo kilikodi ukumbi wa kanisa moja hapo Karatu, na Dokta akaja kutoka Dar na viatu vya kung'aa na koti jembamba, akakuta baridi yetu ya mwezi wa saba. Alifundisha asubuhi nzima huku amejifunga blanketi la mwenye nyumba ya wageni aliyofikia. Sauti ilikuwa ileile ya kwenye CD, lakini sasa meno yanagongana.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikimtafuta Mwalimu. Nilikuwa natafuta mtu mwenye kifua kipana na macho makali. Mara mtu akaniinamia sikioni. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shuka nyekundu juu ya shati na tai, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi nimsogelee.

"Samahani sana, dada," alinong'ona. "Hii nafasi ina mtu?"

"Karibu, kaka. Wewe ni wa kundi gani?"

Akanitajia. Nilimtazama mpaka akainamisha uso.

"Ni wewe unayeandika kwa herufi kubwa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini unatufokea?"

Alishtuka kweli kweli. Akanieleza, kwa mnong'ono uleule, kwamba kwenye kompyuta ya kambi kuna kitufe kimekwama, haileti herufi nyingine. "Na mimi nikadhani ndivyo wanavyoandika chuo kikuu," akamalizia. Nilicheka mpaka Dokta akasimamisha somo na kuuliza kama kuna jambo wengine wanaweza kufaidika nalo.

Wakati wa chai tukasikia honi ya lori nje. Kaka Mkubwa akashuka, pande la mtu, ananukia vitunguu kuanzia kofia mpaka viatu, akatuita tukamsaidie kushusha kifuniko. Nikadhani nimesikia vibaya. Tulikwenda sote wawili, na utingo akasaidia, na bado tulihema. Kilikuwa na ukubwa wa kufunika tanki la maji.

"Kaka Mkubwa," nikasema, "hiki ni cha nini?"

"Cha boksi. Si mlisema boksi la kawaida?"

"Boksi la kawaida la chakula!"

"Sisi Mang'ola boksi la kawaida ni lile tunalopakilia vitunguu," akasema, bila wasiwasi hata kidogo.

Mwalimu akafungua mfuko wake taratibu na kutoa mwili wa boksi, wa ngozi, umeshonwa vizuri na kupambwa kwa shanga pembeni. Ulikuwa na ukubwa wa boksi la chaki. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, kumbe, boksi la kawaida ndilo hilo. Vyumba vyangu vya ndani havikuingia. Lililoingia ni yai, na ndizi kwa kuipinda.

Dokta akaja na kikombe chake cha chai, akavitazama vitu vyetu vitatu vimepangwa kwenye nyasi, akatutazama na sisi. "Ndugu zangu," akasema, "ninyi mlikuwa mnakubaliana nini muda wote huu?"

Akatuambia majaribio ni kesho saa nne, palepale getini kwenye nyani wenyewe, akaenda zake kuota moto jikoni.

Mchana ule wote tuliumalizia kwenye uwanja wa gereji moja ya mjini. Na hapo ndipo tulipoanza kusoma ubunifu, nadhani. Tuligombana kwa sauti, yaani mimi na Kaka Mkubwa, maana Mwalimu hata akigomba ni kama anaombea chakula. Kumbe Kaka Mkubwa alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Zile "Sawa" zote alikuwa na maana ya "Nimesoma, nitawaambia tukionana." Alipinga vyumba vya yai. Alipinga shanga. Alipinga hata nyani, akasema huko kwao wanaosumbua ni tembo. Lakini mkono wake kwenye chuma ulikuwa mwepesi, akakata kile kifuniko kikawa cha kiasi, Mwalimu akaongeza ngozi kwa kulikata begi lake mwenyewe la safari, na mimi nikapunguza vyumba. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa na boksi. Lilikuwa la ajabu, nusu kasha la jeshi na nusu zawadi ya harusi, lakini makomeo yake mawili yalikubali kufunguka pale tu mtu alipobonyeza yote kwa pamoja kwa nguvu. Tulilifungua na kulifunga kwa zamu kama watoto.

Kesho yake Dokta akatupakia kwenye gari alilokodi, tukapanda mpaka kwenye maegesho ya nje ya geti. Nyani walikuwepo, wamekaa kwenye ukingo wa barabara, wanachambuana manyoya na kuangalia magari yanayoingia kwa macho ya watu wanaosubiri mgao. Dokta alitaka jaribio liwe la kweli. Akatia ndani ya boksi chakula chake mwenyewe cha mchana, akabonyeza makomeo, akaliweka juu ya boneti na kutuamuru turudi nyuma.

Hatukusubiri. Dume moja kubwa lilikuja, likapanda, likalinusa boksi. Likavuta kifuniko. Likauma kona. Likaligeuza chini juu, likabonyeza komeo moja, halafu likabonyeza lingine. Lakini siyo kwa pamoja! Kaka Mkubwa alinishika bega akalibana mpaka nikalia.

"Limeshindwa," akanong'ona Mwalimu.

"Ubunifu huo," akasema Dokta, amefurahi, anapapasa mifuko ya koti lake. "Ngoja nipige picha." Akapapasa tena. Akapapasa suruali. Kisha uso wake ukabadilika. "Simu yangu," akasema. "Nimeiweka ndani pamoja na sandwichi."

Ni kama dume lile lilimsikia. Halikuwa na shida tena ya kufungua. Lililikumbatia boksi zima kifuani, likashuka kwenye boneti, likavuka barabara kwa miguu mitatu na kupanda mti. Katika mijadala yetu yote ya jukwaani, kwa herufi kubwa na ndogo, hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje kama nyani atalichukua boksi bila kulifungua.

Dokta alikimbia mpaka chini ya mti na viatu vyake vya kung'aa. Alimwita nyani "bwana." Alimwita "mheshimiwa." Askari wa hifadhi akaja akiwa amekunja uso, akatuuliza ni nani aliyeweka chakula nje wakati kibao kimeandikwa kwa lugha mbili tusiwape wanyama chakula. Dokta akasema ni utafiti wa chuo kikuu. Askari akasema nyani hajui utafiti.

"Tumbipu," akasema Mwalimu.

"Nani?"

"Nyani. Ana simu."

Nikatoa simu yangu nikapiga namba ya Dokta. Kule juu, ndani ya boksi la ngozi na chuma, ikatoka sauti ya mtoto mdogo aliyerekodiwa akipiga kelele: "Baba, simu! Baba, simu! Baba, pokea simu!"

Dume likalitazama boksi. Likalisogeza mbali na kifua. "Baba, simu!" Likalitikisa, likalipiga kofi, na mtoto akazidi kumwita baba. Sijawahi kuona mnyama akichanganyikiwa namna ile, alikuwa kama mtu aliyeletewa mtoto asiyemjua. Akaliachia. Boksi likagonga tawi, likagonga tawi lingine, likaanguka miguuni pa Dokta. Halikufunguka.

Tulishangilia. Hata askari alitabasamu kidogo. Kisha Dokta akabonyeza makomeo, na boksi halikufunguka bado. Lilikuwa limepinda kwa kuanguka. Nikabonyeza mimi, akabonyeza Mwalimu, akabonyeza Kaka Mkubwa mwenye mikono kama koleo. Tulikuwa tumebuni kitu ambacho hakifunguliwi na kiumbe chochote.

Tukarudi Karatu haraka kutafuta msumeno wa chuma, boksi liko mapajani kwangu. Mtandao ulipoanza kushika vizuri, likaanza kuita tena. "Baba, simu!" Si mimi niliyepiga. Dokta, usukani mkononi, alisema kwa sauti nyembamba, "Huyo ni mke wangu." Likaita njia nzima. Watu wa pembeni ya barabara waligeuka kutazama gari lenye mtoto anayelia na hakuna mtoto.

Kule gereji, Kaka Mkubwa alikata komeo la kwanza, Dokta akapitisha vidole akatoa simu yenye mafuta ya sandwichi, akaiweka sikioni. Mke wake alikuwa anasikika mpaka tulipo.

"Ulikuwa wapi? Nimepiga tangu saa nne!"

"Simu haikuwa kwangu, mama. Nyani alikuwa nayo."

"Na huyo Nyani ndiye nani?"

Dokta akatuangalia kwa macho ya mtu anayezama, akanisukumia mimi simu. Nikasema, "Shikamoo dada, mimi ni mwanafunzi wake..." na sikufika mbali, maana sauti yangu ya kike haikusaidia kitu. Mwalimu akanyoosha mikono miwili, akaipokea simu kama mtu anayepokea maziwa. Akageukia ukuta na kunong'ona. Hatukusikia alichosema. Tuliona tu kichwa chake kikitikisika kwa adabu, na baada ya muda kule upande wa pili mtu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu akamrudishia Dokta simu. "Anasema ukirudi umletee vitunguu."

Kaka Mkubwa akaenda kumtafutia gunia.

Hatukufanya vibaya sana. Dokta aliandika kwamba kifaa chetu kinamzuia nyani kula na kinamzuia pia mgeni, na akatutaka tukianze upya muhula unaofuata. Aliongeza ombi kwa chuo, ambalo lilikubaliwa, kwamba kuanzia hapo makundi yakutane kwanza ana kwa ana, yashikane mikono, yashike na vitu, ndipo yaende kwenye jukwaa. Nilipomweleza mama akasema kwa akili yake hata choroko za mseto hulowekwa kwanza.

Muhula wa pili tuliacha mambo ya makomeo. Tulikaa na wageni na madereva, tukauliza, tukagundua kwamba mgeni hana haja ya boksi gumu, ana haja ya mahali pa kula ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa. Tukashona sinia la turubai linaloning'inia nyuma ya kiti, lenye mfuko wa yai na mfuko wa juisi. Loji yetu ililitumia kwa misimu kadhaa.

Siku ya kulijaribu tulikwenda sisi watatu na dereva wa loji palepale getini, tukafunga vioo vyote, tukala. Nyani walipanda boneti wakatutazama kupitia kioo, na sisi tukawatazama huku tunatafuna, tumejaa fahari. Kaka Mkubwa ndipo akatoa kwenye mfuko wa koti kitunguu chake kibichi cha Mang'ola, akakipasua kwa ngumi kwenye goti na kutugawia. Machozi yakaanza kututoka. Dereva akaomba tufungue kioo japo kidogo. Tukawaangalia nyani. Tukakataa, tukaendelea kula, tunalia wote wanne.